Matairi Mawili ya Ishirini na Nane

Nilipoolewa Faza, kisiwani Pate, nilikuwa mwalimu tayari, lakini sikuwa nimewahi kupanda baiskeli. Kwetu ni Amu, ndiyo Lamu, mjini ndani, ambako mitaa ni myembamba hata punda wawili wakikutana mmoja hulazimika kurudi nyuma. Baiskeli tuliziona ukingoni mwa bahari tu, na waliozipanda walikuwa wanaume. Baada ya harusi nilipata uhamisho wa shule ya kijiji kimoja kilicho kwenye njia ya Kizingitini. Mume wangu alikuwa na kazi bandarini, upande wa bara, akija nyumbani mwisho wa wiki. Nikabaki na wakwe zangu.

Kufika shuleni kulikuwa na namna mbili, miguu au pikipiki. Miguu ilinifikisha nikiwa nimelowa jasho, na buibui langu limejaa vumbi mpaka magotini. Pikipiki ilinifikisha upesi, ila vijana wa pikipiki hupenda kupakia abiria wawili, na sikutaka kubanwa kati ya dereva na mtu nisiyemjua. Nililalamika kwa kaka yangu kwenye simu. Yeye anafanya kazi katika nyumba ya wageni Shela, na hapo palikuwa na baiskeli iliyoachwa na mgeni wa Ulaya aliyekuja akizunguka nayo pwani, akachoka, akarudi kwao kwa ndege. Mwenye nyumba alikuwa akijigonga nayo mguu kila akipita stoo, akasema anayeitaka aichukue.

Kaka aliileta mwenyewe kwa boti ya abiria. Akaiteremsha, akaniambia kwa Kiamu chetu, "Sasa ndia haitakushinda."

Ilikuwa ya kijani iliyopauka, na bomba la katikati ya fremu limeinama chini, kwa hiyo mwanamke aliweza kupanda bila kupandisha nguo. Matairi yalikuwa na nyufa ndogo ndogo kwa kukaa, lakini yalishika upepo. Nilijifunza uani na kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, mama mkwe akinishikia kiti kwa nyuma na kukimbia nami.

"Tazama mbele!" alikuwa akinipigia kelele. "Usitazame miguu. Miguu haipotei!"

Mama mkwe ni mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Aliniiga nikisema "yeo" badala ya leo na "ndia" badala ya njia, mpaka wageni wake wakawa wananiuliza makusudi habari za yeo. Baba mkwe ndiye aliyekuwa tofauti. Si kwamba alikuwa mkali. Ni heshima tu, na kule kisiwani heshima ya mkwe bado ilikuwa ya zamani. Nilimwamkia asubuhi, "Sabalkheri, Baba," naye akajibu huku akitazama mlango au paka. Hatukula pamoja. Akiwa na neno la kuniambia alimwambia mkewe, hata kama mimi nimeketi hapo hapo nikimenya viazi, na mkewe akanigeuzia. Nami nikimjibu mama, naye akampelekea. Nilipokuwa mgeni mambo haya yalinichekesha. Baada ya mwaka nikayazoea, nikaona ndiyo nyumba ilivyo.

Baba alikuwa na baiskeli yake pia, ile kubwa nyeusi ya chuma kizito ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Kwa miaka mingi alikuwa akibeba kamba wakubwa wa baharini kutoka Kizingitini, wakiwa hai ndani ya kikapu kilichofunikwa gunia bichi, akiwaleta Faza kwa mnunuzi. Pikipiki zilipokuja kazi hiyo ikapotea. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni, matairi yake yameliwa na jua, lakini mnyororo wake aliutia mafuta kila mara, na hakuna aliyeruhusiwa kuanikia nguo juu yake.

Nilikuwa nimeipanda ile yangu muhula mzima tairi la nyuma lilipoanza kupasuka ubavuni. Baba ndiye aliyeona kwanza. Nilikuwa naifuta uani.

"Mwambie mkweo tairi la nyuma limekwisha," alimwambia mama. "Akiendelea nalo litamtupa."

"Baba anasema tairi la nyuma limekwisha."

"Nimesikia, Mama. Nitatafuta jingine."

"Amesikia, Bwana. Atatafuta jingine."

"Asitafute. Kununua tairi ni kazi yangu. Kanunua wapi yeye tairi?"

Alikwenda kwenye baiskeli, akainama, akasoma ubavuni mwa tairi kwa kidole, maana macho yake ya karibu si mazuri. Maandishi makubwa yalisema ishirini na nane. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baiskeli yake nyeusi nayo ilikuwa ishirini na nane, na maduka ya Faza yalikuwa na matairi hayo tangu enzi. Baada ya sala ya alasiri alirudi na tairi jipya limekunjwa begani, jeusi linanuka mpira.

Alilifunga mwenyewe. Mimi nilikaa mlangoni mwa jikoni nikitazama, kwa sababu nilitaka kujua linavyofungwa. Alilivua tairi la zamani kwa mipini ya vijiko viwili vya mama, na lilimpa tabu, lilikuwa limekaza. Lile jipya liliingia kwa mikono mitupu. Alilisukuma kwa viganja mara moja huku, mara moja kule, likawa ndani. Vijiko havikuguswa.

"Unaona," alimwambia mama, kwa sauti ya kunifikia. "Tairi jema halina ugomvi."

Akachukua pampu. Alipiga upepo polepole, akibonyeza kwa dole gumba. Gurudumu lilianza kujaa. Mimi niliona upande mmoja umekaa chini kidogo na mwingine umepanda juu, kama kitambaa cha meza kilichovutwa, lakini nani nimwambie fundi wa miaka yote kwamba tairi lake linapanda? Akaongeza upepo. Upande ule uliopanda ukaruka nje ya rimu, ule mduara wa chuma unaobeba tairi, tyubu ikatokeza kama ulimi, na kabla hajaiachia pampu ikapasuka.

Mlio ulikuwa mkubwa hasa. Mama alikuwa anachekecha unga, na unga wote ukawa miguuni mwake. Jirani aliuliza kwa juu ya ukuta kama tuko salama. Baba alikuwa amekaa chini, hakujikwaa wala hakusukumwa, alikaa tu ghafla, na kofia yake ilikuwa imeteleza mpaka nyusi.

"Salama," Baba alimjibu jirani. "Tyubu mbovu."

Siku ya pili alinunua tyubu nyingine, akairudia kazi. Sasa hakutia upepo mwingi. Aliliweka tairi sawa kwa mikono, akazungusha gurudumu, akaliweka tena sawa. Liliyumba kidogo lakini lilizunguka.

"Mwambie asibebe mzigo," alisema.

"Usibebe mzigo," mama akaniambia.

Siku ya kwanza ya kuipanda hivyo nilifika shuleni na kurudi. Niliisikia baiskeli ikirukaruka nyuma kama punda mwenye kwato ndefu, nikadhani nitaizoea. Asubuhi iliyofuata, nilipopita penye mchanga mwingi kabla ya kijiji, tairi lilihama. Sijui namna nyingine ya kueleza. Nilihisi kiti kikienda upande mmoja na mimi upande mwingine. Tairi lilikuwa limetoka nusu kwenye rimu na kujibana baina ya fremu na breki, gurudumu likasimama papo hapo, na mimi nikaanguka kwa bega na kiganja. Buibui lilikamatwa na kanyagio likapasuka kutoka goti mpaka chini. Vitabu vya kusahihishwa vilitawanyika. Mwanamume mmoja wa pikipiki alisimama, akashuka, akaokota vitabu bila kunitazama ili nisione haya, akaibeba baiskeli mpaka shuleni ikiwa imening'inia nyuma yake, na mimi nikatembea.

Mwalimu mwenzangu, msichana kutoka bara ambaye alikuwa amepangiwa shule yetu mwaka ule, ndiye aliyeniosha kiganja na kuniunga buibui kwa pini.

"Aki pole, mwalimu," alisema. "Si ungetuma tu mtu aniite nikufundishie darasa? Enda nyumbani."

Sikwenda. Ila jioni, nilipofika na baiskeli nikiisukuma kwa kuinua kiti, baba alikuwa barazani. Alilitazama gurudumu. Akalitazama buibui. Akasimama akaingia ndani, akachukua fimbo yake, akatoka kwenda msikitini, na haukuwa bado wakati wa sala.

"Hajalala vizuri tangu ile tyubu ilipopasuka," mama aliniambia akinikanda bega kwa mafuta ya nazi. "Sasa hatakula pia. Unamjua."

Mume wangu alipopiga simu nilimweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba hatasema samahani," alisema. "Usingoje. Atakutengenezea kitu." Nikamwambia kutengenezewa kitu kingine ndiko ninakokuogopa.

Ijumaa shule ilipokuwa imefungwa mapema nilikaa uani na matairi yote mawili. La zamani lilikuwa limetupwa karibu na kuni. Nililiosha kwa sabuni, na chini ya uchafu, pembeni mwa yale maandishi makubwa ya ishirini na nane, nikaona maandishi madogo yaliyoinuka kwenye mpira: thelathini na saba, mstari mfupi, kisha mia sita ishirini na mbili. Nikalitafuta jambo hilo kwenye tairi jipya. Lilikuwepo pia. Arubaini, mstari, mia sita thelathini na tano.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na namba mbili zenye mstari katikati haziwezi kuniacha nilale. Nilipima unene wa tairi la zamani kwa rula ya wanafunzi. Lilikuwa limeisha, lakini lilikaribia milimita thelathini na saba. Basi namba ya kwanza ni upana. Nikatoa rula ya ubaoni ambayo nilikuwa nimekuja nayo nyumbani, nikalilaza tairi sakafuni, nikapima tundu lake, kutoka ukingo wa ndani mpaka ukingo wa ndani wa pili, pale tairi linapokalia rimu. Sentimita sitini na mbili na kitu. Nikapima lile jipya. Sitini na tatu na nusu. Mwisho nikaliweka lile jipya juu ya la zamani, nikalinganisha matundu yao upande mmoja, na upande wa pili ukingo wa la zamani ukatokeza ndani kwa nafasi ya kidole changu cha shahada.

Hapo nikaelewa kwa nini liliingia bila vijiko. Liliingia kwa sababu halikuwa lake.

Nilimweleza mama alipotoka jikoni. Nilimwonyesha namba, nikamwonyesha kidole. Akaelewa nusu, akafurahi kwa niaba yangu, na baba alipoingia akaanza kumpelekea.

"Mkweo anasema tairi hili ni la mia sita thalathini, na lile ni mia sita… mia sita ngapi?"

"Ishirini na mbili, Mama. Na hili thalathini na tano."

"Lile ishirini na mbili. Hili thalathini na tano. Na yote ni ishirini na nane."

"Haiwezekani," alisema baba. "Ishirini na nane ni ishirini na nane. Mwambie rimu ya Wazungu imechoka, imepungua."

"Anasema rimu imepungua."

"Chuma hakipungui, Mama. Mwambie hiyo ishirini na nane ni jina tu. Ni kimo cha gurudumu zima, kutoka ardhini hadi juu, pamoja na tairi. Tairi nene kwenye rimu ndogo litafika kimo hicho, na jembamba kwenye rimu kubwa litafika pia. Kinachofunga ni rimu, na rimu ndiyo hiyo namba ya mwisho."

Mama alijipangusa mikono kwenye kanga. Akatazama huku na huku.

"Hayo ya mia sita mimi siyawezi," alisema. "Mna midomo nyote wawili. Semezaneni wenyewe, mimi nina samaki motoni."

Akaingia jikoni. Samaki hawakuwa motoni, nilikuwa nimewaona kwenye sinia, hawajapakwa hata chumvi.

Tulibaki mimi, baba na matairi. Alikuwa amesimama, nami nimechuchumaa, mtandio wangu nimeuvuta mpaka kidevuni. Sikujua nianzeje. Nikalisogeza lile tairi jipya karibu na miguu yake, na lile la zamani chini yake, kama yalivyokuwa.

Alichuchumaa kwa shida, mkono mmoja ukutani. Akatia kidole kwenye ile nafasi. Akakizungusha pembeni mwa tairi lote, polepole, akakirudisha pale alipoanzia.

"Yule mwenye duka ameniuzia la uongo," alisema. Aliyasema akiwa ameyainamia matairi, lakini mama hakuwepo, kwa hiyo maneno yalikuwa yangu.

"Si la uongo, Baba. Nadhani ni la baiskeli yako."

Kisha akainuka, akaiendea baiskeli nyeusi, akalifungua gurudumu la nyuma, akalivua tairi bovu lililokuwa limekauka kama ganda la nazi, akachukua lile jipya na kulijaribu. Safari hii halikuingia kwa viganja. Aliniambia, "Vijiko," na mimi nikakimbia jikoni kuvileta, na mama akaninyooshea bila kugeuka. Baba alisukuma, akainua, akatokwa jasho. Upande wa mwisho ulipoingia ulilia tak! Akatia upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, akalizungusha mkononi. Halikuyumba hata kidogo.

"Tairi halina kosa," alisema.

"Halina."

"Basi sisi tulikuwa tunanunua kofia kwa kimo cha mtu, badala ya kichwa."

Sikuwa nimefikiria kulisema hivyo, na miaka mingi baadaye ndivyo ninavyolisema darasani tunapofika kwenye kipenyo. Lakini siku hiyo hakucheka wala mimi sikucheka. Alilitazama gurudumu lake jeusi, akaitazama baiskeli yangu ya kijani iliyokosa mguu wa nyuma.

"Shule ni Jumatatu," alisema.

"Nitakwenda kwa miguu, Baba. Kaka atanitafutia tairi Mombasa."

"Mombasa ni mbali."

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta uani tangu jua kutoka, ameipindua baiskeli yangu juu chini. Alikuwa akinipa gurudumu lake. Nilijaribu kumkataza, kwa adabu, na yeye akaendelea kama hakusikia. Nikaketi nikashika alichoniambia nishike. Haikuwa kazi nyepesi. Ekseli yake ilikuwa fupi kuliko nafasi ya fremu, akaijaza kwa washa, vile vipete bapa vya chuma, pande zote mbili, akazipanga na kuzipangua mpaka gurudumu likakaa katikati. Cheni yangu nyembamba ilikataa meno yake manene, kwa hiyo akavua na cheni yake, akaikata pingili kadhaa. Gia za Wazungu zikabaki bila kazi, na kusema kweli Faza haina mlima wa kuzihitaji. Breki ya nyuma ndiyo iliyotushinda. Rimu yangu ilikuwa na ubavu ulionyooka ambao breki iliubana kwa pembeni. Ubavu wa rimu yake ulikuwa wa mviringo, umetengenezewa breki za vyuma zinazovuta kutoka chini, na raba za breki yangu ziliteleza juu yake bila kushika.

"Utatumia ya mbele," alisema. "Taratibu. Na miguu unayo."

Tulikuwa tumefika kwenye kukaza nati alipoanza kuzungumza. Aliniambia kwamba kamba wakifika wamekufa mnunuzi hakuwachukua, kwa hiyo alikuwa akisimama katikati ya njia kumwagia gunia maji ya bahari aliyoyabeba kwenye galoni, na kwamba siku moja kamba mmoja alitoka kikapuni akamshika shati mgongoni, akaendesha naye mpaka Faza, watu wote wakimpungia mkono, naye akidhani wanamsalimu. Nilicheka kwa sauti. Mama alichungulia mlangoni, akarudi ndani upesi.

"Kwa nini uliacha kuipanda, Baba?" nilimuuliza. "Si kwa pikipiki tu."

Alipapasa goti. "Hili haliruki tena lile bomba la juu. Mara ya mwisho nilijaribu mbele ya msikiti nikaanguka nayo. Watu waliniinua." Akakaza nati. "Shika hapo. Usiachie."

Jumatatu nilikwenda shuleni kwa baiskeli yenye gurudumu la mbele la Ulaya na la nyuma la kubebea kamba. Ilikuwa nzito, na ilikwenda kama ng'ombe, lakini haikuyumba. Kule nyumbani ile nyeusi ilibaki imeegemea ukuta kwa gurudumu moja, na mama akaanza kuanikia nguo juu yake. Baba aliona, akapita.

Tairi la mbele nalo lilikuwa na umri ule ule wa lile lililopasuka, na lilipoanza kufunguka nilikuwa nimeshajua la kutafuta. Faza hawakuwa nalo. Amu nilizunguka nikapewa ya baiskeli za milimani, na la mfano wa lile la baba. Yule mwalimu wa bara alipokuwa anakwenda kwao likizo nilimwandikia kwenye jalada la daftari lake namba ya mwisho tu, mia sita ishirini na mbili, nikamsihi asikubali kuambiwa ishirini na nane.

Alirudi nalo likiwa limekunjwa ndani ya mkoba.

"Hii kitu nimeitafuta mpaka nikachoka," alisema. "Jamaa aliniambia hata wanaiita mia saba, na ukiona herufi C ujue ni hiyo. Mimi nikamwambia nionyeshe namba ndogo, ile iko kando. Hii hapa!"

Namba ilikuwa sawasawa. Nililipeleka nyumbani nikiwa na furaha, nikampa baba alifunge. Alilifungua, akalipitisha kwenye vidole. Akalisogeza mbali na macho, kisha karibu, akasoma.

"Namba ya pili ni ile ile," alisema. "Ya kwanza je?"

Sikuwa nimeitazama. Ilikuwa ishirini na tatu. Lilikuwa tairi la baiskeli za mashindano, jembamba kama bomba la maji, la kukimbilia lami. Pate nzima haina lami ya kulitosha.

"Litaingia," alisema baba. "Kuingia litaingia. Kwenye mchanga litazama kama kisu."

Liliingia, kwa vijiko, likakaa sawa, likalia tak! kama inavyotakiwa. Na kwenye mchanga lilizama kama kisu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipanda baiskeli penye ardhi ngumu, nikifika penye mchanga nashuka, naisukuma, napanda tena upande wa pili. Yule mwalimu wa bara aliniomba radhi kila aliponiona nikisukuma, mpaka nikamkataza. Kosa halikuwa lake, alileta kilekile alichoambiwa. Mwisho kaka yangu alipata Mombasa tairi pana lenye namba zote mbili, na lile jembamba likatundikwa stoo, na sidhani litapata mwenyewe.

Kuanzia hapo mimi na baba tulikuwa tukizungumza. Si sana, na si mbele ya wageni. Mama alisema amepumzishwa kazi ya kupeleka habari bila kiinua mgongo. Baba alikwenda pia kwa yule mwenye duka, si kugombana, alisema, ila kumfundisha, na nilisikia baadaye kwamba alimteremshia matairi yote chini akamsomea namba ndogo moja moja, huku wateja wa sukari wakingoja. Mwenye duka alimwambia, "Mzee wangu, watu wanataka ishirini na nane, nitawauzia nini?" Baba akamwambia, "Waulize rimu." Bado anauza ishirini na nane, lakini sasa akiulizwa humwambia mtu aje na tairi lake la zamani.

Nilipopata mimba ya mtoto wangu wa kwanza mama mkwe alikamata usukani uani, akasema baiskeli imekwisha mpaka nijifungue. Sikubisha. Mume wangu alinitafutia mtu wa pikipiki tunayemjua, mzee mwenye adabu anayebeba abiria mmoja. Baiskeli ya kijani ikakaa ukumbini.

Asubuhi moja haikuwepo. Mama naye hakujua. Tulidhani imeibwa, tukaanza kuulizana, mpaka jirani akatuambia kwa juu ya ukuta, akiwa hawezi kujizuia kucheka, kwamba amemwona Baba kwenye njia ya Kizingitini, juu ya baiskeli ya kike, kanzu imekunjwa kiunoni na kikoi chini yake.

Baba alirudi kabla ya adhuhuri. Barazani walikuwa wamejaa wenzake wakimngoja, na mmoja alimuuliza kama amekuwa bi harusi.

"Hii haina bomba la juu," aliwajibu. "Mtu unaingia kama unaingia mlangoni. Nyie endeleeni kutembea."

Alikuwa amekwenda kuwaona wenzake wa zamani wa kamba, ambao hakuwa ameonana nao tangu goti limshinde, isipokuwa kwenye mazishi. Samaki wawili walikuwa wamening'inia kwenye usukani kwa ukindu. Alimpa mama awachukue, akaniita mimi.

"Kiti kiko chini mno," alisema. "Magoti yanagonga usukani. Lete spana."

Nikamletea. Alikipandisha kiti, akakijaribu, akakipandisha tena. Tangu hapo, hata baada ya kujifungua na kurudi shuleni, kila asubuhi kabla ya kuondoka nilikuwa nikikiteremsha, na kila alasiri yeye akikipandisha.